Kusoma koneksheni za QGIS kwa Python: QSettings, provaida, authManager au pg_service, ushike ipi?

Koneksheni ya databesi umeshaiweka kwenye QGIS, ile programu ya ramani, ukifungua Browser unaiona pale chini ya PostgreSQL, ukibonyeza leya zote zinashuka. Halafu unakaa kuandika skripti ya Python na kitu cha kwanza unachoandika ni host, port, jina la databesi, yuza na paswedi, upya kabisa, ndani ya kodi ambayo kesho utamtumia mwenzako WhatsApp au utaipandisha GitHub. Ya nini yote hiyo? QGIS inazo hizo taarifa na Python inaweza kuziomba. Tatizo ni kwamba njia za kuomba ziko kadhaa na ukitafuta mtandaoni kila mtu anakutupia ya kwake, moja ya enzi za QGIS 2, nyingine ya juzi, na zote zinafanya kazi kwa kiasi chake, ndo maana zinachanganya.

Zile watu wanazotumia kweli ni hizi: QSettings na ndugu yake QgsSettings, API ya provaida (provaida ni sehemu ya QGIS inayoongea na aina moja ya chanzo cha data, mfano postgres), authManager kwa upande wa paswedi, na faili la pg_service.conf la PostgreSQL ambalo wengi wanaliruka. Kuna na kusoma faili la ini, yaani faili la setingi, moja kwa moja kwa configparser ya Python, hiyo nitaigusa kidogo tu na utaona kwa nini. Mfano ni PostGIS, yaani PostgreSQL yenye data za ramani, manake ndo ofisi nyingi zinayo, WMS na XYZ, zile ramani za mtandaoni, zitakuja mwishoni.

Kwa mwenye haraka: skripti yako ikiwa inakimbia ndani ya QGIS, yaani kwenye konsoli, plagini au Processing (zana za uchakataji za QGIS), chukua API ya provaida na usihangaike na zingine. Ikiwa inakimbia nje, kwenye cron (ratiba ya skripti kujiendesha zenyewe) au terminal, weka pg_service.conf na QGIS yenyewe uiambie isome hapo hapo. QSettings ibaki kwa vitu ambavyo provaida haivijui, na kwa mwenye QGIS ya zamani. Sababu zinafuata.

Zinakaa wapi hizo setingi

QGIS 3 kila kitu iko kwenye profaili. Kwenye Linux ni `~/.local/share/QGIS/QGIS3/profiles/default/`, kwenye Windows ni ndani ya `AppData\Roaming\QGIS\QGIS3\profiles\default\`, kwenye Mac ni ndani ya `Library/Application Support/QGIS/QGIS3/profiles/default/`. Humo kuna folda nyingine inaitwa QGIS (kwenye Mac unaweza kuikuta inaitwa qgis.org) na ndani yake kuna QGIS3.ini. Hilo ndo faili. Zamani kwenye QGIS 2 kwa Windows vitu hivi vilikuwa vinakaa kwenye registry, kwa hiyo ukikutana na maelezo ya kufungua regedit ujue ni ya kizamani, yapite.

Ukilifungua faili kwa edita ya kawaida utaona kitu kama hiki:

```
[PostgreSQL]
connections\selected=Viwanja
connections\Viwanja\host=192.168.1.20
connections\Viwanja\port=5432
connections\Viwanja\database=ardhi
connections\Viwanja\service=
connections\Viwanja\authcfg=k3x81pq
connections\Viwanja\username=
connections\Viwanja\password=
connections\Viwanja\savePassword=false
connections\Viwanja\sslmode=SslPrefer
```

Angalia mistari ya username, password na authcfg. Hapo username na password ni tupu kwa sababu aliyeweka koneksheni alitumia authcfg, yaani yuza na paswedi zimehifadhiwa kwenye databesi nyingine iliyofungwa, hapa kimebaki kitambulisho chake tu cha herufi na namba saba. Angekuwa ametiki kile kiboksi cha kuhifadhi paswedi, ingekuwa imekaa hapo hapo kwenye mstari wa password kwa maandishi ya wazi, mtu yeyote akikaa kwenye laptop yako anaisoma. QGIS inakuonya kabisa ukifanya hivyo ila watu wanabonyeza OK wanaendelea na maisha.

Kwa hiyo koneksheni moja inaweza kuwa na sura tatu: paswedi iko wazi, au iko kwenye authcfg, au hakuna chochote isipokuwa jina la service, yaani jina linaloelekeza kwenye pg_service.conf. Skripti nyingi zinazovunjika zimeandikwa kwa sura ya kwanza tu, kwenye mashine ya aliyeandika inakubali, ikifika kwa mwenzake inagoma.

QSettings na QgsSettings

Hii ndo utaikuta kwenye majibu mengi. QSettings ni ya Qt yenyewe, maktaba ambayo QGIS imejengwa juu yake, nyepesi, unataja kundi unapewa vilivyomo:

```python
from qgis.core import QgsSettings

s = QgsSettings()
s.beginGroup('PostgreSQL/connections')
for jina in s.childGroups():
    host = s.value(jina + '/host', '')
    wazi = s.value(jina + '/savePassword', False, type=bool)
    print(jina, host, wazi)
s.endGroup()
```

Uzuri wake ni kwamba inasoma chochote. Koneksheni, folda ulizozipin, rangi ya kuselecti, setingi za plagini, vyote ni ufunguo na thamani. Na inafanya kazi kwenye QGIS 3 yoyote, hata ile ya kwanza kabisa ambayo ofisi fulani bado wanayo kwenye mashine hawataki kuigusa.

Ubaya wake ni kwamba inakupa maandishi ghafi na tafsiri ni juu yako. Ona hiyo `type=bool`. Ukiiacha, thamani inayotoka kwenye ini ni neno 'false', sio False ya Python, na neno lolote lisilo tupu kwenye Python ni kweli, kwa hiyo `if s.value(...)` inapita hata pale ilipoandikwa false. Mtu anaweza kukagua mashine kumi akaripoti zote zimehifadhi paswedi wazi kumbe hakuna hata moja. Port nayo inakuja kama maandishi, '5432', geuza mwenyewe. Sslmode ndo kabisa, QGIS inaandika SslPrefer wakati psycopg2, maktaba ya Python ya kuunganisha na PostgreSQL, inataka prefer, ukiipeleka ilivyo unapigwa era.

Sasa QSettings au QgsSettings? Kwa macho zinafanana, ila QgsSettings inaangalia sehemu mbili: setingi za yuza, na faili la setingi za jumla linaloitwa qgis_global_settings.ini ambalo msimamizi wa mfumo anaweza kuliweka ili kila mtu ofisini akifungua QGIS akute koneksheni zimo tayari, na njia yake unaitaja kwa variable ya mazingira QGIS_GLOBAL_SETTINGS_FILE au kwa `--globalsettingsfile` wakati wa kuwasha. QSettings tupu hiyo ya jumla haiioni. Ndo maana unaweza kuona OpenStreetMap kwenye XYZ Tiles ndani ya Browser, ukaitafuta kwa QSettings usiipate, sio kwamba imepotea, ilikuja na faili la jumla na haijawahi kuandikwa kwenye ini yako. Ukiwa ndani ya QGIS tumia QgsSettings, sioni sababu ya kufanya kinyume.

Nje ya QGIS hali inageuka. Ukiandika skripti ya kujitegemea ukaita `QgsSettings()` bila maandalizi unapata orodha tupu, na hakuna era yoyote, kimya tu, manake Qt haijui programu yako inaitwa nani kwa hiyo inatafuta faili ambalo halipo. Kuna dawa ndefu ya kuweka jina la shirika, jina la programu na setPath kwenda kwenye profaili. Ila kama unataka kusoma tu, mpe njia ya faili moja kwa moja:

```python
import os
from qgis.PyQt.QtCore import QSettings

njia = os.path.expanduser(
    '~/.local/share/QGIS/QGIS3/profiles/default/QGIS/QGIS3.ini')
s = QSettings(njia, QSettings.Format.IniFormat)
```

Hapo umepata yako, lakini za jumla umeziacha, na umekariri profaili ya default wakati mwenzako labda ana profaili tatu, moja ya kazi moja ya mafunzo moja hajui ilitoka wapi. Ukiwa ndani ya QGIS `QgsApplication.qgisSettingsDirPath()` inakwambia profaili iliyo hai ni ipi, nje huna huo msaada. Na nimeandika `QSettings.Format.IniFormat` kwa urefu makusudi, ile fupi ya `QSettings.IniFormat` inakataa ukihamia Qt6.

API ya provaida

Hii ilikuja na QGIS 3.10 na kwangu ndo ya kwanza kuishika. Badala ya kuuliza "kwenye ufunguo huu kuna nini", unamuuliza provaida wa postgres "una koneksheni gani", na yeye ndo anajua zinahifadhiwaje:

```python
from qgis.core import QgsProviderRegistry

md = QgsProviderRegistry.instance().providerMetadata('postgres')
for jina, koni in md.connections().items():
    print(jina, koni.uri())
    print(koni.configuration())
```

`uri()` inakupa anwani, yaani host, port, databesi, authcfg au service. `configuration()` inakupa zile tiki za kwenye dirisha la koneksheni, mfano kama inaonyesha schema ya public tu, kama inakubali jedwali lisilo na jiometri, kama makadirio ya metadata yamewashwa. Vitu viwili tofauti, usitafute host kwenye configuration.

Faida yake kubwa haiko kwenye kusoma setingi. Ni kwamba ukishaishika koneksheni, mara nyingi huhitaji kusoma setingi kabisa. Kile ulichotaka kufanya na host na paswedi, koneksheni inakifanya yenyewe:

```python
koni = md.connections()['Viwanja']
for t in koni.tables('public'):
    print(t.tableName(), t.geometryColumn())

safu = koni.executeSql('SELECT count(*) FROM viwanja')
print(safu[0][0])
```

Hakuna psycopg2 hapo, hakuna paswedi iliyopita mikononi mwako, QGIS imejua yenyewe kama ni authcfg au service au nini. Kosa la SQL linarudi kama QgsProviderConnectionException na unaweza kulidaka. Watu wengi wanaosema "nataka kusoma koneksheni iliyohifadhiwa" ukiwabana wanataka kuendesha SQL mbili tatu, na hii imewatosha.

Na haibagui. Badilisha 'postgres' uweke 'ogr' unapata GeoPackage zilizohifadhiwa, 'spatialite', 'mssql', 'oracle', kodi inabaki ile ile. Kwa QSettings kila moja ina kundi lake na majina ya funguo yake, uanze kukariri.

Kitu cha kuangalia: usitumie `md.createConnection('Viwanja')` kama njia ya kutafuta. Ukikosea jina haitakulalamikia, inakupa koneksheni isiyo na anwani ya maana na matatizo unayapata mbele huko unapojaribu kuunganisha. `md.connections()` ni dict ya kawaida, jina likikosekana unapata KeyError pale pale na mambo yameisha.

Ukiwa bado unataka kwenda na psycopg2, labda unatumia COPY (amri ya PostgreSQL ya kupakia data nyingi kwa mkupuo) au una kodi ya zamani hutaki kuivunja, usianze kuchambua uri kwa split wala regex. QgsDataSourceUri ipo kwa kazi hiyo:

```python
from qgis.core import QgsDataSourceUri
import psycopg2

uri = QgsDataSourceUri(koni.uri())
db = psycopg2.connect(uri.connectionInfo(True))
```

Ile True ndo mchezo wote. Inasema "kama kuna authcfg, ifungue uweke yuza na paswedi". Kinachotoka ni stringi ambayo PostgreSQL inaielewa, na kama koneksheni ni ya service inatoka na service yake, kwa hiyo sura zote tatu nilizotaja zimeshughulikiwa kwa mstari mmoja. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba stringi hiyo sasa ina paswedi ndani, usiiprint, usiipeleke kwenye log ya QGIS ambayo mtu atakuja kuipiga skrinishoti aombe msaada kwenye grupu. Ukitaka kuionyesha weka False.

Na ukiamua kuchukua kimoja kimoja, `uri.host()`, `uri.username()`, jiandae vitoke tupu. Kwenye koneksheni ya service host ni tupu, ni sawa hiyo, haijaharibika. Kwenye authcfg username ni tupu. Anza kwa kuuliza `uri.service()` na `uri.authConfigId()` kabla hujaamua koneksheni ni mbovu.

Jambo moja kwa wanaoandika algoriti za Processing: hata hiyo dict hamuihitaji. Toka 3.14 kuna parameta yake, `QgsProcessingParameterProviderConnection('KONI', 'Chagua koneksheni', 'postgres')`, yuza anapata listi ya kuchagua, wewe unachukua jina kwa `parameterAsConnectionName`. Nashangaa watu bado wanaweka kiboksi cha maandishi pale, yuza achape jina kwa mkono na akikosea herufi moja akupigie simu.

Udhaifu wa hii njia? QGIS ya chini ya 3.10 haipo. Nje ya QGIS inataka QgsApplication iwashwe pamoja na yale maandalizi ya profaili, ni nzito kwa skripti ya kukimbia kila saa. Na haijui WMS wala XYZ, ni ya databesi tu.

authManager, pale unapotaka paswedi yenyewe

Hii haishindani na zile mbili, inazikamilisha. Databesi yake ni faili la SQLite linaitwa qgis-auth.db, liko kwenye profaili, vilivyomo vimefungwa kwa paswedi kuu ambayo QGIS inakuuliza mara moja kila ukiwasha, au inaikumbuka kwenye wallet ya mfumo wako.

```python
from qgis.core import QgsApplication, QgsAuthMethodConfig

am = QgsApplication.authManager()
cfg = QgsAuthMethodConfig()
am.loadAuthenticationConfig('k3x81pq', cfg, True)
print(cfg.config('username'))
```

Unaihitaji lini? Pale unapoongea na kitu ambacho QGIS hakikijui, tuseme API ya mtandaoni unayoipiga kwa requests na yuza wake uko naye kwenye authcfg. Kwa PostgreSQL connectionInfo(True) imeshakufanyia.

Ukiwa nje, bila dirisha, paswedi kuu nani ataichapa? Kuna variable mbili, QGIS_AUTH_DB_DIR_PATH ya kuonyesha databesi iko wapi na QGIS_AUTH_PASSWORD_FILE ya faili lenye paswedi kuu, zinatumika sana na QGIS Server. Inafanya kazi, ila ukitafakari umeficha paswedi halafu ukaweka paswedi ya paswedi kwenye faili la wazi pembeni, basi linda ruhusa za hilo faili vizuri.

Halafu tusidanganyane kuhusu usalama wake. authManager inalinda faili lililolala, laptop ikiibiwa mwizi hapati kitu. Lakini ukishachapa paswedi kuu, plagini yoyote uliyoiinstoli inaweza kuita mistari ile minne ya juu. Hakuna ukuta kati ya plagini na plagini. Kwa hiyo yuza wa databesi unayemuweka kwenye QGIS awe na ruhusa anazohitaji tu, usiweke postgres yule mkubwa.

Kero nyingine ni kushirikiana. Kitambulisho cha k3x81pq ni cha qgis-auth.db yako. Ukimtumia mwenzako projekti, kwake hakuna k3x81pq, leya zinakuja na alama nyekundu. Njia inayokubali ni kukubaliana kitambulisho kimoja, wakati wa kuunda config QGIS inakuruhusu kufungua kile kiboksi cha ID ukaandika chako mwenyewe, kila mtu akaweka ID ile ile na yuza na paswedi zake binafsi.

pg_service.conf

Hii sio ya QGIS kabisa, ni ya PostgreSQL, na hapo ndo nguvu yake ilipo. Unaandika faili `~/.pg_service.conf`, kwenye Windows ni `%APPDATA%\postgresql\.pg_service.conf`:

```
[viwanja]
host=192.168.1.20
port=5432
dbname=ardhi
user=msomaji
sslmode=prefer
```

Kwenye QGIS unaunda koneksheni, kiboksi cha Service unaandika viwanja, host unaacha tupu. Kwenye Python:

```python
import psycopg2
db = psycopg2.connect(service='viwanja')
```

Basi. Skripti haiijui QGIS, haitafuti profaili, haiwashi QgsApplication, inakimbia kwenye cron ya seva, kwenye Docker, kwenye laptop ya yule anayetumia Linux peke yake ofisini. psql inaielewa, ogr2ogr inaielewa kwa `PG:service=viwanja`. Chanzo kimoja na wote wanakunywa hapo. Ukitaka kuorodhesha zilizomo kwa Python kuna maktaba ya pip inaitwa pgserviceparser, `service_names()` na `service_config('viwanja')`, unapewa dict.

Paswedi usiweke humo, weka kwenye `.pgpass`, mstari mmoja wa host, port, databesi, yuza na paswedi ukiwa umetenganishwa na nukta mbili. Kwenye Linux lazima ruhusa ziwe 0600, zikizidi hapo PostgreSQL inalipuuza faili na kuomba paswedi kama vile halipo. Kwenye Windows linaitwa pgpass.conf na hakuna ukaguzi wa ruhusa.

Inapong'aa kweli ni siku seva inahama. Ofisi imebadilisha router, 192.168.1.20 imekuwa 192.168.8.20. Aliyehifadhi host kwenye koneksheni ya QGIS anabadilisha koneksheni, halafu anagundua projekti zote za zamani bado zinaita IP ya zamani, kwa sababu leya ndani ya projekti haibebi jina la koneksheni, inabeba host na port vilivyokuwepo siku ilipoongezwa. Mwenye service anabadilisha mstari mmoja na projekti zote zinafuata, manake leya zimebeba neno viwanja tu.

Kinachoudhi ni Windows na watu wasiozoea. Faili linaloanza na nukta, kwenye folda iliyofichwa, Notepad inaongeza .txt kimya kimya nyuma ya jina, halafu hakuna kinachosomwa. Ukiona hivyo, lipeleke faili sehemu unayoiona, taja njia yake kwenye PGSERVICEFILE ndani ya QGIS, Settings, Options, System, pale chini kwenye variable za mazingira, halafu zima uwashe.

Na configparser?

Inavutia kwa sababu haitaki Qt wala QGIS. Ila ini ya Qt sio ini ya Python. Ufunguo una baksleshi katikati, jina lenye nafasi linaandikwa na `%20`, configparser ikiona alama ya asilimia kwenye thamani inadhani ni interpolesheni inapiga kelele, na kwa kawaida yake inashusha herufi zote kubwa za funguo, Viwanja ikawa viwanja. Ukishaweka `interpolation=None`, `optionxform=str`, `strict=False`, ukafungua asilimia mwenyewe na kushughulika na thamani zinazoanza na `@Variant`, umeandika QSettings upya na yako ni mbaya zaidi. Kama Qt huna na unataka koneksheni za mtu, mwambie azitoe kwa ile Save Connections, inatoka XML safi, kila koneksheni ni elementi moja ya postgresql yenye name, host, port, database kama atributi. ElementTree inaimaliza. Ila XML hiyo ikiwa na paswedi zilizohifadhiwa wazi inazibeba nazo, iangalie kabla hujaituma popote.

WMS na XYZ

Provaida haisaidii hapa. Kwa WMS, WFS na WCS kuna QgsOwsConnection, `QgsOwsConnection.connectionList('WMS')` inakupa majina, na `QgsOwsConnection('WMS', jina).uri().param('url')` inakupa anwani. Itumie hiyo badala ya kukariri funguo kwenye ini, kwa sababu funguo zenyewe zimeshahamishwa. XYZ kwa mfano ilikuwa `qgis/connections-xyz/`, matoleo ya karibu ni `connections/xyz/items/`, na kwa XYZ hakuna njia ya mkato, ni QgsSettings na kuangalia kote kuwili:

```python
s = QgsSettings()
for kundi in ('connections/xyz/items', 'qgis/connections-xyz'):
    s.beginGroup(kundi)
    for jina in s.childGroups():
        print(jina, s.value(jina + '/url'))
    s.endGroup()
```

Mtu aliyepanda toka toleo la zamani anaweza kuwa na vyote viwili kwenye ini, mabaki ya zamani na mapya, jina lile lile limetokea mara mbili na URL tofauti. Chukua ya kundi la kwanza, ndo QGIS yake ya sasa inayoisoma.